Gharama za Ujenzi na Miradi Mikubwa ya Ukanda Wetu: Namna ya Kuzisoma na Kuzifundisha

Mnamo Januari 2025, Tanzania na Burundi zilitia saini na kampuni za China mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati, kusini-mashariki mwa nchi yetu. Reli hiyo imeelezwa kuwa na urefu wa kilomita 282, na mkataba wake una thamani ya dola za Marekani bilioni 2.15. Baada ya habari hiyo kuenea, wanafunzi wetu walileta darasani swali fupi: je, fedha hizo ni nyingi au ni kidogo?

Mtu anaweza kusema kwamba swali hilo ni la wahandisi na wachumi. Hata hivyo, sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya kulijali. Lugha ambayo dereva wa lori, karani wa forodha, fundi mwashi na msimamizi wa kazi huelewana kwayo, kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, ni Kiswahili. Baadhi ya wahitimu wetu wataitwa kutafsiri mikataba ya miradi hii, na wengine watasimama mbele ya wananchi kuwaeleza kinachoendelea. Mtu asiyejua gharama imeundwaje hataweza kuifafanua kwa lugha yoyote.

Katika makala haya tutaeleza kwanza maneno ya msingi, kisha tutafuatilia safari ya mfuko wa saruji mpaka ufike Bujumbura. Baada ya hapo tutaona jinsi Wamarekani wanavyolinganisha gharama za miji yao, ndipo tuirudie reli ya Musongati na kupendekeza zoezi la darasani.

1. Gharama, bei na thamani

Mzungumzaji wa Kirundi anayejifunza Kiswahili huja na neno igiciro, ambalo hubeba maana ya bei na pia ya gharama. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huandika "bei ya kujenga daraja" mahali panapotakiwa "gharama ya kujenga daraja". Katika mazungumzo ya sokoni kosa hilo halina madhara. Katika mkataba lina madhara makubwa, kwa hiyo tutofautishe.

Gharama ni kile anachotumia mtu ili kazi ikamilike: vifaa, ujira, mafuta, riba ya mkopo. Bei ni kile anachodai muuzaji au mkandarasi, yaani gharama zake pamoja na faida anayoitarajia. Thamani ni kiasi ambacho kitu kinakubalika kuwa nacho machoni pa mkadiriaji, benki au soko. Nyumba inaweza kuwa na gharama kubwa na thamani ndogo, kwa mfano ikiwa imejengwa mahali ambapo maji huingia kila msimu. Wakazi wa Gatumba, ambao ziwa Tanganyika na mto Ruzizi viliwafurikia mara kadhaa tangu mwaka 2020, wanaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Aidha, kuna maneno matatu yanayofuatana kwa wakati. Makadirio hutolewa kabla ya kazi, mara nyingi katika upembuzi yakinifu. Thamani ya mkataba hukubaliwa baada ya zabuni. Gharama halisi hujulikana kazi ikiisha. Vyombo vya habari huchanganya hatua hizi tatu, kisha wasomaji hubishana juu ya tarakimu zisizozungumzia kitu kimoja.

2. Safari ya mfuko wa saruji

Tuchukue kifaa kimoja, saruji, ambayo mafundi wetu wa Bujumbura huiita sima, kama isima ya Kirundi. Saruji huanza kama mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi. Vitu hivi husagwa na kuchomwa katika tanuri kubwa linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, mpaka viwe vidonge vigumu viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo, na wakati mwingine majivu ya volkano, ndipo tunapata ule unga tunaoujua.

Tanuri ndilo ghali. Linahitaji machimbo ya chokaa karibu, moto usiozimika na umeme mwingi. Kwa sababu hiyo viwanda vingi katika nchi zisizo na bahari husaga klinka iliyochomwa kwingine. Kiwanda cha BUCECO, kilichofunguliwa Cibitoke mwaka 2011, kiliipa Burundi saruji yake yenyewe, lakini kimekuwa kikitegemea klinka kutoka nje. Klinka hulipiwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zimekuwa adimu nchini tangu mgogoro wa 2015. Kwa hiyo neno "saruji ya nyumbani" lina ukweli nusu: mfuko umefungwa nyumbani, ila sehemu ya bei yake huamuliwa mbali.

Sasa tuangalie barabara. Kutoka Bujumbura hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,500, na hadi Mombasa ni karibu kilomita 2,000. Njia nyingine ni reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, halafu meli ya ziwani. Tena saruji ya Zambia hutufikia kwa ziwa kutoka bandari ya Mpulungu. Jambo hili si geni: mwaka 1921 Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Ruanda-Urundi na Kongo, ilikubaliana na Uingereza ipatiwe maeneo yake maalumu ya kupitishia mizigo Kigoma na Dar es Salaam. Nchi isiyo na pwani huitafuta pwani kwa mkataba.

Tufanye hesabu rahisi ya kufundishia. Tuseme lori moja linabeba tani 30. Hiyo ni mifuko 600 ya kilo 50. Kila dola 600 zinazotumika katika safari huongeza dola 1 katika kila mfuko. Ikiwa safari nzima ni dola 3,000, mfuko umeongezeka dola 5 kabla mwenye duka hajaongeza faida yake. Na ikiwa mwenye lori anadai dola 300 kwa kila siku lori linaposimama mpakani, siku mbili za kusubiri muhuri zimeongeza dola 1 nyingine. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini njia ya kuhesabu ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia wafanyabiashara.

Kwa mintarafu hiyo tunaelewa kwa nini habari zinazoonekana kuwa mbali na ujenzi huwa habari za ujenzi. Uhaba wa mafuta uliojirudia nchini tangu 2021 ulipunguza malori barabarani. Mei 2023 dola moja, iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa faranga zipatazo 2,100, ilipanda ikazidi faranga 2,800, na kila nondo na kila bati la kutoka nje likapanda nalo. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na mizigo iliyozoea kupita huko ikalazimika kuzunguka. Mjenzi wa kule mlimani huenda hakusikia hata moja ya habari hizo. Alichoona ni kwamba fedha alizoweka akiba kwa vyumba vitatu zimetosha viwili.

Vipo vifaa ambavyo havisafiri. Mchanga na mawe hutoka katika mito yetu, kama vile Ntahangwa na Ruzizi, na matofali huchomwa mabondeni. Ujira wa fundi na wa msaidizi wake nao ni mdogo ukilinganishwa na nchi nyingine. Kwa hiyo nyumba ya matofali ya kuchoma yenye paa jepesi inaweza kujengwa Bujumbura kwa fedha kidogo. Ghorofa la zege na nondo ni jambo jingine, kwa kuwa karibu kila kinacholisimamisha kimevuka mpaka. Na kiwanda ni ghali zaidi, maana mitambo yake yote huagizwa, na ujira mdogo wa mafundi hauwezi kupunguza bei ya mtambo ulioundwa Ulaya au China.

Mfano wa upande wa pili ni Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa huko mwaka 2015 kilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Kina chokaa karibu na bandari karibu. Hata hivyo, mwishoni mwa 2016 uzalishaji ulisimama kwa muda, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni gharama ya kuendesha mitambo kwa dizeli. Baadaye kiliunganishwa na gesi asilia ya mkoa huo huo. Somo ni kwamba jiwe peke yake halileti saruji rahisi. Linahitaji nishati rahisi pembeni yake.

3. Kapu la Wamarekani

Tofauti za gharama kati ya mji na mji si balaa la Afrika peke yake. Huko Marekani tofauti hizo ni kubwa kiasi kwamba yamekuwepo machapisho ya kuzifuatilia kwa zaidi ya miaka 100. Jarida la Engineering News-Record lilianza mwaka 1921 kutoa fahirisi ya gharama za ujenzi. Fahirisi ni namba inayoonyesha kitu kimepanda au kimeshuka kiasi gani kikilinganishwa na kipimo kilichochaguliwa, na jarida hilo lilichagua mwaka 1913 kuwa 100.

Namna yake ni nyepesi, na inafaa kuigwa. Walitengeneza kapu lisilobadilika: saa 200 za kibarua wa kawaida, chuma cha kujengea cha uzito maalumu, zaidi kidogo ya tani moja ya saruji, na mbao za kipimo maalumu. Bei za kapu hilo hukusanywa katika miji 20, kisha hupatikana wastani. Kwa kuwa kapu ni lile lile, bei ikibadilika tunajua kwamba kilichobadilika ni bei yenyewe.

Machapisho mengine hulinganisha miji kwa kuuita wastani wa taifa 100. New York na San Francisco huwa juu sana ya 100, na miji mingi ya majimbo ya kusini huwa chini. Sababu zake zinafanana na zetu kwa sehemu: ujira na nguvu ya vyama vya wafanyakazi, ufinyu wa nafasi mjini, masharti ya kujikinga na tetemeko la ardhi au kimbunga, na umbali wa vifaa.

Miradi mikubwa ya viwanda nayo huko hupanda. Kampuni ya TSMC ya Taiwan ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingewekeza dola bilioni 12 katika kiwanda cha vipande vya kompyuta mjini Phoenix, jimboni Arizona. Mwaka 2022 ilitaja bilioni 40, na mwaka 2025 ikataja bilioni 165. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni viwanda vipya vilivyoongezwa katika mpango, wala haifai kusema kwamba jengo lile lile limepanda bei mara 13. Lakini mwaka 2023 kampuni ilisogeza mbele tarehe ya kuanza uzalishaji, ikieleza kuwa mafundi wenye ujuzi wa kufunga mitambo hiyo hawakutosha. Kumbe hata nchi tajiri inaweza kuwa na fedha na ikakosa mikono.

4. Kulinganisha miradi yetu

Turudi sasa kwenye swali la wanafunzi. Tukigawa dola bilioni 2.15 kwa kilomita 282, tunapata takriban dola milioni 7.6 kwa kilomita. Tuitazame karibu na reli mbili za majirani.

Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilipewa mkandarasi mwaka 2017 kwa dola bilioni 1.2 hivi, kwa kilomita 300. Hiyo ni dola milioni 4 kwa kilomita. Lakini ukisoma maelezo vizuri utaona kwamba njia kuu ni kilomita 205, na zilizobaki ni njia za kupishania na za stesheni. Ukigawa kwa njia kuu peke yake, unapata karibu milioni 6. Reli ni ile ile na mkataba ni ule ule, bali tarakimu zimekuwa mbili.

Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, ina kilomita 472 hivi. Watu wengi hutaja dola bilioni 3.2, ambazo ni mkopo uliotolewa na Benki ya Exim ya China. Gharama yote, pamoja na vichwa vya treni na mabehewa, ilikuwa takriban bilioni 3.8, yaani kama milioni 8 kwa kilomita. Na reli hiyo hutumia dizeli, ilhali ya Tanzania hutumia umeme.

Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba reli ya Musongati ni ghali au rahisi, msomaji makini atauliza maswali manne. Je, kilomita zilizohesabiwa ni za njia kuu tu? Je, treni zimo ndani ya bei? Je, mkataba ni wa mwaka gani, maana dola ya 2017 si dola ya 2025? Na je, ardhi ikoje? Reli inayotoka bonde la mto Malagarasi na kupanda kuelekea vilima vya Musongati huhitaji madaraja na machimbo ya udongo kuliko ile ya tambarare. Kwa kipimo cha majirani, dola milioni 7.6 hazishangazi wala hazifichui lolote zenyewe. Jibu la kweli limo ndani ya orodha ya vifaa na kazi, ambayo watu wachache huisoma.

Umeme nao unatufundisha jambo hilo hilo. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mkataba wake wa mwaka 2018 ulikuwa wa dola bilioni 2.9 hivi, yaani karibu dola milioni 1.4 kwa megawati. Kituo cha Rusumo kwenye mto Kagera, ambacho Burundi, Rwanda na Tanzania zinakimiliki pamoja, kina megawati 80, na Benki ya Dunia ilikigharimia dola milioni 340. Hiyo ni zaidi ya milioni 4 kwa megawati. Je, Rusumo ilikuwa hasara? La. Mradi mdogo hulipia barabara, wahandisi na jengo la mitambo kama mradi mkubwa, ila hugawa gharama hizo kwa megawati chache. Kwa nchi yenye uhaba wa umeme kama yetu, theluthi ya megawati 80 ni mali. Bila umeme hakuna tanuri la klinka, na nikeli ya Musongati, iliyogunduliwa miaka ya 1970, itaendelea kulala ardhini.

5. Zoezi la darasani

Tunawapendekezea walimu zoezi la majuma mawili, linalofaa wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea. Darasa litengeneze kapu lake la ujenzi: mifuko 10 ya saruji, nondo 10 za milimita 12, mabati 10, matofali 1,000, siku 10 za fundi mwashi na siku 10 za msaidizi. Kundi moja likusanye bei Buyenzi na kwingineko mjini, jingine lipige simu kwa jamaa walioko Gitega, Kigoma, Uvira au Dar es Salaam. Mazungumzo yote yawe kwa Kiswahili.

Kisha wachague mji mmoja kuwa 100. Ikiwa kapu ni dola 500 Dar es Salaam na dola 600 Bujumbura, fahirisi ya Bujumbura ni 120. Waandike pia wametumia kiwango gani cha kubadilishia fedha, kwa kuwa kiwango rasmi na kile cha mitaani vinaweza kutoa majibu mawili yanayopingana. Mwisho, kila mwanafunzi aandike aya tatu kueleza tofauti aliyoiona, akitumia kwa usahihi maneno gharama, bei, thamani, makadirio, zabuni, mkandarasi, mkadiriaji majenzi na upembuzi yakinifu.

Zoezi hili litaonyesha pia jinsi lugha zetu zilivyo jirani. Fundi ni umufundi, msumari ni umusumari, nyundo ni inyundo, tofali ni itafari. Mwanafunzi anayo tayari nusu ya msamiati wa ujenzi mdomoni mwake. Nusu anayoikosa ni ile ya karatasi: ya zabuni, mikataba na madai.

Na hapo ndipo penye uzito. Reli inapopita katika shamba la mtu, huletwa karatasi yenye neno fidia. Fidia, ambayo Kirundi huiita indishi, ni haki inayolipwa kwa kitu kilichochukuliwa au kuharibiwa. Mtafsiri akisema "msaada", mwenye shamba atashukuru na kupokea chochote. Akisema "zawadi", ataona haya kuuliza. Akisema "fidia" na kueleza kwamba hukokotolewa kwa thamani ya ardhi, miti na nyumba, mwenye shamba ataomba kuonyeshwa hesabu. Neno moja linaweza kuamua kama familia itajenga tena au itapanga chumba.

Hitimisho

Tumeona kwamba gharama ya ujenzi hutengenezwa na umbali, nishati, fedha za kigeni, ujuzi wa mafundi na hali ya ardhi, na kwamba tarakimu ya mradi mkubwa haina maana mpaka ijulikane imejumlisha nini. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza haya yote. Tunawaomba walimu watakaofanya zoezi la kapu watuletee idarani matokeo ya madarasa yao, pamoja na maneno waliyoyasikia kwa mafundi ambayo hayamo katika kamusi, ili tuyachapishe katika toleo lijalo.